Gari dogo lililotumika Malindi: kagua uvungu kwanza, injini baadaye

Wanunuzi wengi wa gari dogo hapa Malindi hutazama kwanza kilomita kwenye dashibodi, halafu rangi, halafu bei. Huku pwani mpangilio huo huwatia watu hasara. Injini ya Toyota Vitz ikifa, hutafutwa nyingine Mombasa ikafungwa. Sakafu iliyoliwa na kutu haina spea. Magari haya madogo hayana chesisi iliyo peke yake kama pikapu. Bati la bodi ndilo linalobeba injini, magurudumu na abiria, na likioza, gari limekwisha hata kama injini yake ni nzima kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaupa uvungu nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Gari litapita wapi?

Kama safari zako ni za mjini, Watamu, Kilifi na Mombasa mara moja moja, lami ipo, na injini ya lita 1.0 hadi 1.3 inatosha. Njia ya Mombasa ni kama kilomita 120 zenye matuta mengi, kwa hiyo tarajia kubadilisha shoka za mbele (vipunguza mtikiso) na bushi mara nyingi kuliko mtu wa bara. Ukiwa wa Marafa, Baricho au ndani ya Magarini, mambo ni mengine. Vitz na Passo zimeinuka kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, na zikibeba watu watano hushuka zaidi. Mchanga wa njia za ufuoni na makorongo yanayoachwa na masika hupiga bampa, plastiki ya kukinga injini na paipu ya ekzosti. Kwa njia hizo Probox inafaa zaidi: springi zake zimetengenezwa kwa mizigo, na tairi zake nyembamba zina ukuta mrefu unaovumilia mashimo.

Gari la mtu wa Amu (kisiwa cha Lamu) hulala Mokowe, gati ya upande wa bara, naye akavuka kwa boti. Hulala hapo siku nyingi kando ya bahari bila kuwashwa. Gari la namna hiyo laweza kuwa na kilomita chache sana na bado likawa limeoza kuliko teksi ya mjini: betri imekufa, diski za breki zina vidonda vya kutu, pini za kalipa (kibano cha breki) zimekwama. Ukiuziwa gari lililokuwa likilazwa gatini, kilomita chache zisikulegeze.

Aina za kufikiria

Vitz ya kuanzia mwisho wa 2010 yenye injini ya 1KR (sentimita za ujazo 996, silinda tatu) inakula mafuta kidogo na spea zake ziko kila duka. Silinda tatu hutetemeka kidogo likiwa limesimama, na hilo ni la kawaida. Mtetemo unaofika kwenye usukani na viti si wa kawaida, mara nyingi ni mpira wa kushikilia injini umekatika. Passo ni ndugu yake, ina injini hiyohiyo. Ukibeba familia na kuwasha kiyoyozi njia ya Mombasa, 1.3 itakufaa zaidi kuliko 1.0, kwa sababu injini ndogo inayokanyagwa hadi chini haibani mafuta tena.

Mazda Demio ya kuanzia 2014 yenye injini ya petroli ya 1.3 ndiyo tunayoiweka mbele kwa mtu wa mjini. Gia yake ya otomatiki ni ya hatua sita za kawaida, haina mkanda wa CVT (gia ya otomatiki isiyo na hatua), na hiyo inakuondolea wasiwasi mkubwa. Ile ya dizeli ya 1.5 iache. Dizeli za kisasa zinataka safari ndefu ili zichome masizi kwenye chujio la ekzosti. Safari za kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi huziba chujio na njia za hewa, na kuzisafisha si kazi ya kila fundi.

Nissan Note ya kuanzia 2012 ina nafasi nzuri ndani, lakini gia yake ya CVT haitaki joto wala oili isiyo yake. Ikiwa ina maandishi ya DIG-S nyuma, injini yake ina supachaja (pampu ya kuisukumia hewa), na ukarabati wake ni ghali. Honda Fit ya petroli ni gari imara, ila zile za zamani kabla ya 2007 zenye injini ya 1.3 zina plagi nane, si nne, na muuzaji asiyejua hilo huenda hajawahi kubadilisha zote. Haibridi (gari la petroli na umeme) iliyozeeka usiinunue bila kipimo cha betri kubwa, kwani joto la huku huichosha mapema. Suzuki Alto ya 660 inabana mafuta sana mjini, ila ukiipakia watu wanne kwenda Mombasa itachoka.

Probox ya kabla ya 2014 ina injini ya 1NZ na gia nne za otomatiki au ya mkono. Haina raha, lakini ni nadra fundi asiifahamu. Iliyofanya kazi ya kubeba mirungi au samaki ichunguze mara mbili. Maji ya barafu ya samaki yenye chumvi humwagika sakafuni na kuozesha bati kutoka ndani.

Kabla hujaamua, piga simu maduka mawili ya spea na uulize bei ya vitu vitano vya gari unalolitaka: shoka ya mbele, kondensa ya kiyoyozi, taa ya mbele, kioo cha pembeni na oili ya gia. Bei hizo zitakueleza gharama za gari kuliko tangazo lolote.

Karatasi

Omba namba ya gari na utafute kumbukumbu zake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen kabla ya kwenda kuliona. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kukiwa na jina la benki au mkopeshaji kando ya lake, gari lina deni, na deni lilipwe kwanza. Ukifika, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile ya logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Bati la namba lenye alama za kuchomelewa pembezoni ni sababu ya kuondoka.

Gari lililotoka Japani karibuni lisiwe limezidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, ndivyo sheria ya Kenya inavyotaka wakati wa kuliingiza. Dai karatasi ya mnada. Ina alama ya jumla, na 4 au 3.5 ni gari la kawaida zuri, R au RA ni lililopata ajali likatengenezwa. Kisha tazama mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya ukarabati, bati likiwa na mawimbi, XX ni bati lililobadilishwa. Herufi mbili za kutafuta kwa makini ni S na C, yaani kutu na bati linaloliwa. Mikoa ya kaskazini kama Hokkaido na Aomori humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari la huko hufika Mombasa likiwa limeshaanza kuoza. Ukilileta Malindi, upepo wa bahari humalizia kazi.

Uvunguni

Nenda asubuhi, wakati kuna mwanga mzuri, na gari liwe halijaoshwa siku hiyo. Chukua tochi, bisibisi bapa, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, na kipande cha zulia cha kulalia. Bora zaidi, lipelekwe gereji yenye shimo. Jeki peke yake haitoshi kumhifadhi mtu aliyelala chini ya gari, lazima pawe na stendi.

Anzia kwenye buti. Inua zulia, toa tairi ya akiba, tazama kisima chake. Maji yaliyotuama humo huingia kupitia mpira wa taa za nyuma au wa mlango. Bonyeza bati kwa kidole gumba kuzunguka kisima chote, hasa kwenye mshono. Bati zima ni gumu na baridi. Lililooza linabonyea au linatoa sauti kavu kama gamba, na rangi yake inatoka vipande vipande ikiwa na unga wa kahawia nyuma yake. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kitambaa haina neno.

Halafu lala chini na upitie sehemu hizi, ukigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Kwanza boriti za chini ya milango, pande zote mbili, mbele na nyuma. Hapo ndipo jeki huwekwa, na pakiwa pamebondwa au pana shimo, maji yamekuwa yakiingia muda mrefu. Pili, fremu ya mbele inayobeba injini, mahali mikono ya magurudumu inapofungwa. Tatu, paipu za breki zinazokwenda nyuma. Ni nyembamba, na kutu yake huwa na magamba yanayovimba. Paipu ya namna hiyo hupasuka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, yaani siku unapoihitaji kweli. Usimpandishe mtu kwenye gari hilo mpaka zibadilishwe. Nne, bimu ya nyuma na vikombe vya springi.

Fungua boneti utazame vikombe vya juu vya shoka na bati lililo chini ya betri. Asidi ya betri na hewa ya bahari zikikutana, sahani hiyo huliwa mapema.

Uvungu uliopakwa rangi nyeusi mpya au lami ya kukinga kutu, huku magurudumu na ekzosti vikiwa vya zamani, uchukulie kuwa unaficha kitu. Rangi hiyo ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani. Chokonoa sehemu moja uone bati. Muuzaji akikataa, hana gari la kukuuzia. Tumia sumaku kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, chini ya rangi kuna filla, yaani kijazio cha kufichia mashimo.

Ukiona mchanga laini chini ya zulia, boliti za viti zimeshika kutu, na mkanda wa usalama ukivutwa hadi mwisho una mstari wa matope, gari liliwahi kuzama. Nyaya zake zitakusumbua miaka yote.

Injini ikiwa baridi

Mpigie muuzaji mapema: "Bwana, naja saa mbili. Tafadhali usiliwashe kabla sijafika." Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa huficha kuwaka kwa shida, moshi wa asubuhi na kelele za cheni.

Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi tu. Hapa Malindi hili lina uzito wa pekee. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na mafundi wengi huyajaza kwenye rejeta pasipo kufikiri. Chumvi hula alumini ya kichwa cha injini na pampu ya maji, na chokaa huziba mirija ya rejeta. Ndani panatakiwa pawe na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yenye rangi safi, ya waridi, kijani au buluu. Maji ya kahawia yenye takataka ni dalili ya hasara iliyokwisha kuanza. Maji meupe matupu hayamaanishi usalama, uliza yalitoka wapi na kwa nini kulanti iliondolewa. Mara nyingi jibu ni kuwa kuna mahali panavuja.

Chomoa kijiti cha oili. Rangi nyeusi ni ya kawaida. Rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili, acha. Kiwango kilichoshuka kabisa kwenye injini ndogo ni hatari, kwa kuwa 1KR hubeba lita 3 na kidogo tu, na kupungua kwa lita moja ni theluthi ya oili yote. Injini zilizotajwa hapo juu hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Cheni hudumu sana ikipata oili safi, na ikinyimwa, huvutika na kugonga.

Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini na ya mfuko wa hewa lazima ziwake, halafu zizimike injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa imetolewa ili kuficha hitilafu. Washa sasa na usikilize. Mngurumo wa cheni ukizidi sekunde chache za mwanzo, fundi auchunguze. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe mzito usiokwisha ni maji.

Acha injini izunguke dakika 20 na kiyoyozi kikiwa juu, gari limesimama juani. Feni iwake na kuzima yenyewe. Ikizunguka tangu ufunguo unapogeuzwa, imeunganishwa moja kwa moja na betri, na mara nyingi themostati (kidhibiti cha joto la injini) nayo imetolewa. Watu husema hivyo ni salama kwa joto la pwani. Si kweli. Injini isiyofikia joto lake humwagiwa petroli zaidi muda wote, huosha oili kwenye silinda, na huficha rejeta iliyoziba. Gari la namna hiyo halitabana mafuta kamwe mpaka mfumo urudishwe kama lilivyotengenezwa.

Unganisha kompyuta ya kupimia. Soma makosa yaliyohifadhiwa, na uangalie kama vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe vimekamilika. Vikiwa vyote bado, mtu amefuta makosa asubuhi hiyo. Baadhi ya kompyuta husoma kilomita zilizohifadhiwa kwingine ndani ya gari, linganisha na dashibodi. Pedali ya breki iliyolika mpira na usukani uliong'aa haviendani na kilomita 60,000.

Barabarani

Endesha hadi Gede na kurudi, kama kilomita 30, mkiwa watu wanne na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mwendo wa kuzunguka mtaa hauipashi gia moto, na CVT mbovu huonyesha ubovu wake ikishapata moto. Ukiiweka D, ishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kugonga. Ukiondoka taratibu isitetemeke. Ukikanyaga, injini isipige kelele huku mwendo hauongezeki. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi ni beringi za gia au za magurudumu. Kama swali la oili ya gia halijibiki, hesabu kuwa haijabadilishwa. Kila CVT inataka oili ya aina yake, kwa mfano Note hutumia NS-3, na kumimina oili ya gia ya kawaida ndani yake ni kuiua.

Kwenye kiwanja, kata usukani wote upande mmoja na usogee polepole, kisha upande wa pili. Mlio wa taka-taka-taka ni jointi za ekseli ya mbele. Pita tuta polepole: kugonga kumoja ni shoka au bushi, kugonga kunakosikika hadi kwenye usukani ni taierodi au boljointi, viungo vya usukani na magurudumu. Piga breki kwa nguvu mahali patupu, gari lisivute upande.

Tairi soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita, hata ikiwa na meno, ihesabu kama ya kubadilishwa, maana jua la huku hupasua mpira.

Kiyoyozi cha huku si anasa, hasa miezi ya kaskazi. Muuzaji akisema "ni gesi tu", mwambie aijaze kabla hujalipa, halafu urudi baada ya wiki. Gesi haiishi yenyewe, inavuja, na pwani inayovuja mara nyingi ni kondensa iliyoliwa na chumvi mbele ya rejeta. Itazame kwa tochi kupitia grili. Mapezi yanayomeguka kama unga yana muda mfupi.

Pima ulaji wa mafuta

Jaza tangi hadi pampu ijikate, andika kilomita, endesha, rudi kwenye pampu ileile na ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita. Safari ya Mombasa ndiyo kipimo kizuri, ya kilomita 30 hudanganya kidogo. Vitz ya 1.0 iliyo sawa hutoa 15 na zaidi njia ndefu. Kwa mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi, gari la 15 kwa lita linakunywa lita 67 na la 11 linakunywa 91. Zidisha tofauti ya lita 24 kwa bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila mwezi, uone kama bei nafuu ya gari la pili bado ni nafuu.

Kulipa

Orodhesha kasoro ulizopata pamoja na bei ya kila spea na ufundi, umwonyeshe muuzaji. Bei hushuka kwa hesabu kuliko kwa kulalamika. Ubaki na akiba ya asilimia 10 hadi 15 ya bei kwa matengenezo ya mwanzo. Andikianeni mkataba wenye namba ya chesisi, kilomita na tarehe, mbele ya wakili. Lipa kupitia benki, na muuzaji aanzishe uhamisho kwenye mfumo wa NTSA mkiwa pamoja, siyo "kesho". Dalali alipwe kamisheni yake tu, pesa ya gari iende kwa mwenye jina kwenye logibuku.

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na chujio, oili ya gia, kulanti na mafuta ya breki. Safisha rejeta kwa maji ya mfereji, kisha ujaze kulanti iliyochanganywa tayari. Kila wiki mbili, na kila ukitoka ufuoni, osha uvungu kwa maji baridi, uzibue matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango kwa njiti.